Somo la Gari: Maji ya Rejeta Yamekwenda Wapi?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita wengi wenu mlituomba tuandike juu ya magari. Mliomba hivyo kwa sababu ya yale yaliyolipata lori la chama katika msimu huu wa karafuu, na pia kwa sababu wengi wetu siku hizi tuna gari dogo la shamba, au pikapu ya ubia na ndugu, au twamlipa mwenye lori atuchukulie magunia mpaka kituo cha kununulia. Basi somo la toleo hili si la miche wala la kuanika. Ni somo la maji ya rejeta: yakipungua yamekwenda wapi, na vipi mtu atajua.

Kwanza twaeleza yaliyotokea, bila ya kuficha, maana kosa lilikuwa letu.

Yaliyolipata lori letu

Lori lilitoka Wete na magunia ya karafuu kavu, likielekea Chake. Lilipokuwa likipanda kilima mshale wa joto ulifika juu kabisa, na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Dereva akasimamisha gari kando ya njia. Alikuwa na madumu mawili ya maji, kama ilivyokuwa ada yake. Mvua ilikuwa yaja. Utingo, kijana mwenye bidii, aliona haraka akafungua kifuniko cha rejeta kabla dereva hajawahi kumzuia. Maji ya moto yalimrukia mkononi na kifuani. Alilazwa hospitali siku tisa. Twashukuru kwamba amepona, ijapokuwa mkono wake una kovu. Mvua nayo ilinyesha, turubai ikavuja upande mmoja, na magunia ya upande huo ikabidi yaanikwe upya. Wenyewe mwajua karafuu iliyoloa baada ya kukauka yageuka rangi na kushuka daraja.

Siku ya tatu kamati ilikutana. Tulisema dereva amezembea, hakutazama maji kabla ya kuondoka, nasi tukaandika barua ya kumkata mshahara. Dereva hakubisha sana. Alisema tu, "Bwana Katibu, maji natia kila siku. Gari hili lanywa maji. Nimeandika katika daftari."

Tukalifungua daftari la gari. Ilikuwa kweli. Mwezi wa kwanza ameandika nusu lita kwa juma. Mwezi wa tatu, lita moja kwa juma. Mwezi wa tano, lita mbili kwa siku. Daftari hilo lilikuwa likiletwa ofisini kila mwisho wa mwezi, nasi tukitia saini. Tulikuwa tukisoma safu ya dizeli na safu ya magunia. Safu ya maji hatukuisoma hata mara moja.

Barua tuliichana, na dereva tukamwomba radhi mbele ya kamati. Kwa kuwa wanachama wengi walikwisha kusikia habari ya barua ile, twamwomba radhi hapa pia, mbele yenu nyote.

Gari halinywi maji

Dereva wetu alisema kama wasemavyo madereva wote, kwamba gari "lanywa maji." Lakini hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza: gari halinywi maji. Dizeli na petroli huchomwa zikaisha, hiyo ndiyo kazi yake. Maji ya rejeta hayachomwi. Huzunguka tu: yapita ndani ya injini, yachukua joto, yaenda kwenye rejeta kupoa, kisha yarudi. Mzunguko huo umefungwa. Kwa hiyo ukitia nusu lita leo na juma lijalo ukatia nusu lita nyingine, maji yale hayakuliwa na kazi. Yametoka mahali. Ama yametoka nje, ama yameingia ndani ya injini yasikotakiwa. Hakuna njia ya tatu.

Tena tufahamu kazi ya kifuniko cha rejeta, maana wengi hukidhani ni kizibo tu kama cha chupa. Kifuniko kile kina springi na mpira, na kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke mpaka mkandamizo ufike kiasi maalumu. Juu yake huandikwa nambari, mathalan 0.9 au 1.1. Maji ya kawaida katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Yakikandamizwa na kifuniko kizima hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120. Ndiyo maana injini yaweza kufanya kazi katika joto kubwa bila ya maji kutokota. Lakini ukikifungua kifuniko ghafula mkandamizo waondoka, na maji yaliyopita digrii 100 huchemka yote kwa mara moja na kuruka. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wetu.

Basi sharti la kwanza kabla ya uchunguzi wowote ni hili: kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Ngoja saa nzima. Kisha gusa mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado wa moto au mgumu, ngoja tena. Ukifungua, weka kitambaa kinene, geuza uso pembeni, na zungusha kidogo kidogo.

Uchunguzi wa nje

Uchunguzi mzuri huanza asubuhi, gari lipo baridi na limesimama mahali palipo sawa. Wala haudai vyombo vingi.

1. Tia alama. Jaza maji mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya akiba, na utazame pia kwamba rejeta yenyewe imejaa. Tumia gari kama kawaida, kisha kesho yake wakati ule ule, injini ikiwa baridi, tazama yameshuka kiasi gani. Kipimo cha baridi hulinganishwa na cha baridi, maana maji ya moto hutanuka, ukadanganyika.

2. Tandika kadibodi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tazama penye doa, na ulinganishe na kilichopo juu yake. Maji safi yasiyo rangi wala harufu, yanayoonekana siku uliyotumia kipoza hewa cha ndani ya gari, ni ya kipoza hewa, wala si ugonjwa. Yenye rangi ya kijani, nyekundu au buluu, na yanayoteleza kidoleni, ni ya rejeta. Usiyaonje kamwe. Dawa ya rejeta ina utamu lakini ni sumu, nayo imeua watoto na wanyama. Ikimwagika, osha mahali pale kwa maji mengi.

3. Fuata unyevu kwenda juu. Maji huteremka, tena feni huyasukuma nyuma, kwa hiyo tone la mwisho halipo mahali pa tundu. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Kama pamekauka, tafuta alama: utando mweupe, utando wa kijani, au mchirizi wa kutu. Maji yakikauka huacha ushahidi wake, kama chumvi kwenye mwamba.

4. Pita mahali hapa kwa zamu, usiruke hata pamoja:

Kifuniko: tazama mpira wake kama umekakamaa au umepasuka, na kinywa cha rejeta kama kina utando.

Mipira ya maji, ya juu, ya chini na ile midogo: iminye kwa mkono. Mpira mzima hunyumbuka. Ulioharibika hulainika kama embe bovu, au huwa mkavu wenye nyufa. Tazama zaidi penye vibano.

Rejeta: tazama kwenye maungio ya matangi na katikati ya mapezi yake, na koki ya chini ya kumwagia maji. Rejeta nyingi za siku hizi zina matangi ya plastiki, na plastiki ikizeeka hupasuka penye maungio.

Pampu ya maji: chini ya ekseli yake pana kitundu kidogo kilichowekwa makusudi. Kitundu hicho kikitoa maji, pampu imechoka ndani. Usikizibe. Badili pampu.

Nyumba ya thamostati: mara nyingi ipo mahali mpira wa juu unapoingia injini, tazama kwenye gasketi yake.

Ubavu wa bloku: pana vifuniko vidogo vya duara vilivyopigwa katika chuma. Huliwa na kutu kutoka ndani, hasa ikiwa gari limetiwa maji matupu miaka mingi.

Ndani ya gari: kama gari lina kipasha joto, zulia likiloa miguuni mwa abiria na vioo vikifanya ukungu wenye harufu tamu, rejeta yake ndogo yavuja.

5. Kama hukuona kitu, washa injini ipate joto, kisha tazama tena bila ya kufungua kifuniko. Pana matundu yafungukayo kwa moto tu. Pana na mengine, hasa penye vibano, yavujayo asubuhi kwa baridi na kujifunga gari likipata joto. Jihadhari na feni. Kunja mikono ya kanzu au shati, na kumbuka kwamba feni ya umeme huweza kujiwasha yenyewe.

Mwanachama atakayefuata mambo haya matano kwa uangalifu ataziona nyingi katika kasoro za nje, na nyingi katika hizo zatengenezwa kwa kibano, mpira au kifuniko kipya.

Ikiwa chini ni pakavu

Sasa twaja kwenye jambo lililotupata sisi. Dereva wetu alilala chini ya lori mara nyingi asione hata tone. Kwa hiyo akasema hakuna kinachovuja, ni gari tu limezeeka. Kumbe ukavu ule ndio uliokuwa habari yenyewe. Maji yakipungua na nje ni pakavu, yafaa kuogopa zaidi, si kuogopa kidogo.

Baina ya bloku na kichwa cha injini pana gasketi. Gasketi hiyo hutenga vitu vitatu: moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua au kichwa kikipinda, vitu hivi huchanganyika. Dalili zake ni hizi:

Moshi mweupe wenye harufu tamu utokao bombani hata baada ya injini kupata joto. Mvuke kidogo asubuhi ya unyevu si kitu.

Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa. Chomoa kijiti cha oili utazame. Kama oili imepanda kupita kipimo bila ya kutiwa, maji yameingia. Utando mdogo mweupe chini ya kizibo cha oili peke yake si ushahidi wa kutosha, maana gari la safari fupi hupata unyevu huo.

Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi. Joto la maji bado halijapanda. Basi mkandamizo ule umetoka wapi? Umetoka silinda.

Mapovu yasiyokoma katika chupa ya akiba, au maji kusukumwa nje yake.

Injini kutetemeka inapowashwa asubuhi, kama iliyo na silinda moja iliyolala, kisha kutulia. Maji yalichuruzika ndani ya silinda usiku. Gari la namna hii lisilazimishwe kuwashwa, kwani maji hayakubali kushindiliwa kama hewa, na chuma ndicho kitakachovunjika.

Katika magari mapya ya dizeli pana pia vipoza vya oili na vya moshi ambavyo hupitiwa na maji. Navyo huweza kutoboka ndani na kuleta dalili kama hizi. Kwa hiyo asiharakishe mtu kusema "gasketi" kabla ya vipimo.

Vipimo vya fundi

Hapa ndipo mwenye gari akabidhi kazi kwa fundi, lakini ajue la kumwuliza.

Kipimo cha kwanza ni pampu ya mkono yenye geji. Hufungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, na fundi hupiga hewa mpaka nambari iliyoandikwa kwenye kifuniko, asiizidishe. Kisha hungoja kama robo saa. Mshale ukibaki, mzunguko ni mzima. Ukishuka na maji yakionekana nje, mahali pameonekana. Ukishuka na nje ni pakavu, yaingia ndani. Kifuniko nacho kina kipimo chake kwa pampu hiyo hiyo.

Kipimo cha pili ni chupa ya dawa ya buluu. Huwekwa juu ya kinywa cha rejeta injini ikinguruma, na kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Hewa hiyo ikiwa na moshi wa silinda, dawa hugeuka njano au kijani.

Fundi wetu alifanya vyote viwili. Mshale ulishuka na chini hapakuwa na tone. Dawa ikageuka rangi. Ndipo alipofungua kichwa cha injini, akatuonyesha gasketi iliyoungua penye silinda moja mpaka kwenye njia ya maji, na kichwa chenyewe kimepinda. Kisha akashika kile kifuniko cha rejeta akatuuliza, "Na hiki kina umri gani?" Mpira wake ulikuwa mgumu kama ganda la nazi, na pampu ilionyesha hakiwezi hata nusu ya kazi yake.

Tulipoliweka daftari mbele yake, mambo yote yalipangika. Mwezi wa kwanza kifuniko kilishindwa kushika mkandamizo. Maji yakawa yatoka kidogo kama mvuke, nusu lita kwa juma. Maji yalipopungua injini ikawa yapata joto kila ipandapo kilima na mzigo. Joto likapinda kichwa. Kichwa kilipopinda gasketi ikaungua, na nusu lita kwa juma ikawa lita mbili kwa siku. Chama kimelipa kichwa, gasketi, oili, na kazi ya fundi, na lori limelala majuma matatu katikati ya uchumaji. Haya yote yangezuiliwa na kifuniko kimoja, ambacho ni katika vitu vya bei ndogo kabisa dukani. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeujenga.

Likikushika njiani

Mshale ukipanda, usiseme "nitafika tu." Simamisha gari mahali pa salama, zima injini, ngoja ipoe. Ukitia maji, yatie kidogo kidogo, wala yasiwe baridi sana, maana chuma cha moto kikimwagiwa baridi hupasuka.

Tena jihadhari na mshale unaoshuka ghafula baada ya kupanda. Wengine hufurahi wakadhani gari limepoa. Huenda maji yamekwisha kabisa, na kipimo sasa kimekaa katika hewa, hakioni moto tena. Hapo injini ndiyo yafa.

Yasiyofaa

Wapo watiao ute wa yai, unga wa manjano au pilipili katika rejeta ili kuziba tundu. Huenda ikaziba, lakini pamoja na tundu huziba na njia nyembamba za rejeta. Kama umekwama mbali, ukafanya hivyo ili ufike nyumbani, mwambie fundi asafishe mzunguko wote.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na vya penye mawe ya matumbawe vina chokaa. Maji hayo hufanya ndani ya injini kama yanavyofanya ndani ya birika: huacha utando mgumu, na chumvi hula chuma. Tumia dawa ya rejeta iliyokwisha kuchanganywa, au uichanganye na maji yaliyotoneshwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Wengine husema dawa hiyo ni ya nchi za barafu. Si hivyo. Huzuia pia kutu, na hupandisha kiwango cha kuchemka, nasi tunahitaji yote mawili.

Uamuzi wa kamati

Kamati imeamua mambo matatu. Kwanza, safu ya maji katika daftari la gari itasomwa na katibu kila juma, na yakitiwa mara mbili katika mwezi mmoja gari litachunguzwa kabla ya kupakiwa tena. Pili, kifuniko na mipira vitatazamwa kabla ya kila msimu. Tatu, katika lori patakuwa na kibao kisemacho: USIFUNGUE REJETA YA MOTO. Utingo wetu mwenyewe ameomba akipake rangi kibao hicho.

Twawashauri wenye magari nao waweke daftari, hata likiwa la kurasa chache. Andika tarehe, mwendo wa gari, na maji uliyotia. Kisha ulisome.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si kweli kwamba gari "lanywa maji"?
2. Kwa nini maji ya rejeta huruka kifuniko kikifunguliwa gari likiwa la moto?
3. Maji yapungua na kadibodi ni kavu. Utatazama nini kwanza, na kwa nini?
4. Mshale wa joto umepanda kisha ukashuka ghafula kwenye kilima. Utafanya nini?
5. Gari lako lina kifuniko cha rejeta cha umri gani?

Swali la tano hatuna jibu lake ofisini. Nendeni mkatazame wenyewe, asubuhi, gari likiwa baridi.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama